Karanga Mbele ya Baraza la Kata

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, Kyela mjini kila mwenye masufuria mawili alianzisha hoteli. Mimi nilikuwa napima mpunga kwa mfanyabiashara mmoja, na mchana nilikula kwa mama mmoja wa Ndandalo ambaye wali wake ulinukia hadi barabarani. Nina mzio wa karanga tangu utoto: zikinigusa ulimi, koo linaziba. Ndiyo maana kila mboga mpya huiulizia kwanza.

Siku hiyo palikuwa na majani ya maboga, na redio ilikuwa inanguruma.

"Mama, hii ina karanga?"

"Hapana kabisa!" akajibu, macho yakikimbilia mlangoni. "Kila kitu humu ni cha hapa hapa!"

Jibu hilo lingenishtua, lakini njaa haina masikio. Sikufika nusu ya sahani. Midomo ikaumuka kama maandazi, pumzi ikakata, wateja wakanibeba mzobemzobe hadi zahanati. Sindano ikanirudisha duniani.

Tangu hapo nilitaka jambo moja tu: watu wakubali kwamba karanga inaweza kuniua. Bado nilitegemea kula mikononi mwao, nao walikuwa wanasema nimerogwa.

Wengi wameniuliza mtu afanye nini yakimkuta hayo, basi nieleze, wala si jambo la kutisha. Ukidhurika kwa uzembe wa muuza chakula, unaweza kumwendea bwana afya, ambaye hukagua jiko na hata kulifunga. Unaweza pia kudai fidia mahakamani. Huko utatakiwa kuonyesha kwamba uliuliza, ukajibiwa vibaya, na kwamba kilichokuumiza ni chakula kile, si homa uliyotoka nayo nyumbani. Kwa hiyo tunza cheti cha tabibu, na usiwapoteze waliokuona ukianguka. Mimi jiko lile sikutaka lifungwe; ningekula wapi? Nikachagua njia ya usuluhishi, baraza la kata.

Mwenyekiti alikuwa mkulima wa kakao mwenye sauti nzito. "Mama, huyu alikuuliza kama mboga ina karanga?"

"Aliniuliza kama inatoka Karonga!" mama akalalamika. "Siku zile forodha wanapekua mpaka chini ya vitanda! Nikadhani ni mtu wao."

Karonga ni mji wa Malawi, ng'ambo ya mto Songwe, na nusu ya bidhaa za madukani kwetu zilipita huko kimyakimya. Baraza zima likaangua kicheko.

"Na karanga, ulitia?"

"Nilitia, baba. Mboga bila karanga si majani ya ng'ombe hayo?"

Mjumbe mmoja mzee akainua mkono. "Karanga zimemuua nani? Nimezila tangu sijaota meno, na sasa yameng'oka bado nazila. Apewe hapa hapa, tuone."

Wazo likawapendeza. Karanga za kukaanga zikaletwa kwenye sinia, na wakati namweleza mwenyekiti jinsi koo linavyoziba, wajumbe walikuwa wanakitafuna kielelezo.

"Unaona? Wote wazima," mzee akasema. "Kula, kijana. Au ulitudanganya?"

Sinia ikasogezwa hadi magotini pangu. Nikikataa, mimi ni mwongo. Nikila, sitakuwepo kusikia hukumu.

Mama akaruka kutoka kwenye benchi, akainyakua. "Mna wazimu? Ninyi hamkumwona! Macho yalimtoka kama ya samaki aliyetupwa mchangani! Akifa hapa, mtasema ni wali wangu!"

Mwenyekiti akaacha kutafuna. "Kumbe mlalamikiwa ndiye shahidi wa mlalamikaji."

Shauri likaishia hapo. Tulikubaliana anirudishie gharama za zahanati, na mboga yangu ipikwe peke yake. Nikaomba liongezwe neno kuhusu mwiko, kwa sababu mwiko uliokoroga karanga unazibeba hata ukiupangusa. Mzee akanung'unika kwamba sasa nadai na mwiko, lakini wakakubali.

Kesho yake nilipotokeza mlangoni, mama akapaza sauti hoteli nzima isikie: "Wenye karanga sogeeni huko! Yule anayekufa ameingia!"

Watu wakahama na sahani zao bila kubisha. Nikawashukuru, ndaga fijo, nikaketi, nikala nikashiba.