Ubao Ulioachwa Ukiwaka

Delbert Kosko ndiye aliyekuwa akiwasha na kuzima ubao wa matokeo katika uwanja wa mpira wa Kimarekani wa chuo chetu, Wexley, Ohio. Tulikaa chumba kimoja huko juu, mimi na kipaza sauti changu, yeye na swichi zake, na sijapata kuona mtu mkaidi kama yule. Ukimwambia kahawa yake imepoa, ataimaliza yote ili kukukomoa.

Mila yetu ni hii: mechi ya mwisho ya msimu ikiisha, tushinde tusishinde, nahodha hugonga kengele iliyo kando ya uwanja, ndipo ubao unapozimwa. Mwaka ule nahodha alikuwa Rudy, mtoto wa pekee wa Delbert. Timu yake haikufungwa hata mechi moja. Walipomaliza ya mwisho, 31 kwa 10, kijana akaipita kengele bila kuigusa. Akavua kofia yake ngumu, akatazama juu kwetu, akapaza sauti:

"Baba, usizime! Bado tuna mechi!"

Alikuwa anangojea mtoano wa taifa. Kesho yake kamati ya mtoano ikasoma majina ya timu kwenye televisheni. Wakachaguliwa wakubwa, hata wale waliofungwa mara mbili. Sisi tuko ligi ndogo, nani atatuhesabu? Wiki hiyohiyo gari la Rudy likateleza kwenye barafu pale darajani, likatumbukia mtoni.

Kwetu mtu akifiwa, majirani humpelekea mabakuli ya chakula cha kuoka. Delbert alituzuia mlangoni. "Rudisheni. Msimu haujaisha." Mkewe, Irene, alisimama nyuma yake. Tukarudi na mabakuli yetu yangali moto, tunaona haya kama wezi.

Tangu hapo ubao haukuzimwa. Misimu ikaja ikapita, manahodha wengine wakagonga kengele, lakini watu wakishaondoka Delbert alirudisha 31 kwa 10 na kuuacha ukiwaka majira yote ya baridi. Mkuu wa chuo alijaribu kumweleza habari za umeme. Thubutu! Asiye na mwana aeleke jiwe, na Delbert alieleka ubao. Dirisha la jikoni kwangu linatazama uwanja. Kila nikiosha vyombo, zile namba nyekundu zilikuwa pale juu ya theluji, zinanikodolea macho. Nilishona pazia zito. Nikawa naziona hata pazia likiwa limefungwa.

Basi ukazuka mjadala: vyuo vya ligi ndogo viwe na mtoano wa kwao. Mgahawani watu nusura wakunjane mashati. Mimi nilipinga, wala sikupinga kwa siri.

"Hiyo ni meza ya watoto!" nikafoka. "Siku ya Shukrani wakubwa wanakula bata mzinga sebuleni, sisi tunasukumiwa jikoni na sahani za plastiki, halafu tupige makofi? Ng'o!"

"Loretta, wewe ni kelele tu," Delbert akasema. "Hiyo meza ya wakubwa walishakuita lini?"

"Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni! Haki yetu iko kulekule kwao."

"Mimi sitaki haki. Nataka mechi moja ya Desemba, hapahapa. Kijana alisema bado ipo."

Irene, aliyeketi kando yake, akaweka uma chini.

"Na ikishachezwa?" akamuuliza mumewe.

"Itakuwa imechezwa."

"Itakuwa imeisha, Delbert. Utazima. Halafu mimi jioni nikisimama dirishani, nitamtazamia nani?"

Jamani, nilikosa pa kuficha uso. Miaka yote hiyo nilidhani ukaidi ule ni wa mume peke yake.

Wakuu wa vyuo wakapiga kura, mtoano ukapita. Desemba tukapangiwa mechi ya kwanza, tena nyumbani. Mji wote ulikuja na mablanketi na chupa za supu, theluji inadondoka. Delbert akaifuta ile 31 kwa 10, akaweka sifuri kwa sifuri. Nikaanza kutangaza wachezaji. Haki ya Mungu, jina la Rudy lilinifika kwenye ulimi, nikalimeza.

Tulifungwa, 20 kwa 17, dakika za mwishomwisho. Nahodha, Marquis Odom, akajikokota hadi kwenye kengele, akaigonga.

"Amegonga," nikasema.

"Nina masikio."

Lakini kidole kilikuwa juu ya swichi, hakiendi. Watazamaji walikuwa wamesimama vilevile, wameukazia macho ubao, hakuna aliyeondoka. Mlango ukafunguliwa. Irene, ambaye tangu msiba hakuwahi kukanyaga uwanja ule, aliingia na theluji mabegani.

"Tumefungwa, mama Rudy," Delbert akasema. Jina hilo hakuwa amemwita tangu siku ya daraja.

"Nimeona, baba Rudy."

Akaweka mkono wake juu ya ule wa mumewe, wakazima pamoja. Giza lilipoingia ndipo Irene alipolia, kilio alichokuwa nacho kifuani miaka yote ile. Nami nikalia, na sikumbuki nilifikaje nyumbani.

Asubuhi nikaoka tambi kwa samaki. Nilipofika kwa akina Kosko nilikuta watu wamejipanga njiani, kila mmoja na bakuli lake, wala hatukuwa tumeambiana. Delbert akafungua mlango, amevaa suti nyeusi. Alitutazama mmoja mmoja.

"Ingieni," akasema. "Ingieni basi, chakula kisipoe."