Tetea Wangu wa Mavuno

Leo, stendi ya Buzuruga, mwanamke ameketi karibu yangu na kuku kwenye tenga, na harufu ya manyoya yenye joto imenirudisha kwenye Jumapili moja ya mavuno.

Ziwa lilikuwa limefungwa ili samaki wazaliane, baba havui, tunashindia uji. Mama akamkamata tetea wangu, kuku pekee tuliyebaki naye, ampeleke sadaka.

"Mama, si tupeleke viazi?"

"Vile vilivyooza? Kavae viatu."

Baada ya ibada, sadaka zilinadiwa nje ya kanisa kama kawaida. Jirani yetu akamnunua tetea, akampa binti yake, niliyesoma naye. Binti akamkumbatia kuku kifuani, kama nilivyozoea mimi.

"Anataga?" aliniuliza.

"Hatagi. Halafu anadonoa macho."

Mama alisikia. "Mwambie mwenzio ukweli."

"Anataga," nikasema. "Mtandikie majani makavu."

Njiani mama aliimba, mikono mitupu. Nilimfuata nyuma, nikimwonea wivu Mungu, ambaye mama hakuwahi kumnyima kitu.