Chai Haihesabiwi

Mama yangu ni mbishi, tuseme ukweli. Ugonjwa wa sukari ulipompata aliukataa, akamkataa daktari, kisha akanikataa mimi niliyempeleka. Vidonge na kupimwa tu ndivyo alivyokubali. Kila mwezi aliamka mapema, akajifunga leso, tukashuka hadi kliniki bila yeye kula kitu, kama muuguzi alivyomwagiza.

Na kila mwezi sukari ilikuwa juu. Mwishowe muuguzi akasema ikirudi vile tena, ataanzishiwa sindano za insulini. Mama alitembea mbele yangu hadi nyumbani, bila kunisubiri. Dada yake mkubwa alianzishiwa sindano hizo akiwa tayari hoi, tukamzika kabla mahindi hayajakomaa, na Mama aliamini sindano ndiyo iliyommaliza. Nilimweleza mpaka nikachoka. Alikuwa anaogopa kufa, basi, na mimi niliogopa naye.

Siku ya kurudi kliniki ilipokaribia nilienda kulala kwake, huku Kabianga. Asubuhi nikamkuta jikoni, ameshakama ng'ombe, ameshika kikombe kile kikubwa cha bati. Chai ya maziwa. Nikamuuliza kama ina sukari, akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama mvua ina maji.

"Mama, si uliambiwa usile kitu?"

"Kwani nimekula nini? Hii ni chai."

Nilitaka kufoka, nikajikuta nacheka, halafu machozi yakanitoka. Huku kwetu mtu akikwambia hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi, muulize amekunywa vikombe vingapi. Chai haihesabiwi. Tumelelewa katikati ya majani chai, na hatutoki nyumbani kabla ya kuinywa. Muuguzi naye ni wa huku huku, alipaswa kujua kuuliza! Nilimkasirikia kweli.

Tukaahirisha hadi kesho yake. Nilificha kopo la sukari, naye akanuna kutwa. Alipopimwa akiwa na maji tu tumboni, muuguzi alitazama kile kimashine cha kupimia sukari, akarudia kwa kidole kingine, kisha akasema imeshuka, aendelee na vidonge, sindano zingoje. Mama aliuliza kwa sauti ndogo kama chai pia imekatazwa. Akaambiwa anywe, ila isiwe na sukari.

Tulipofika nyumbani alipika chai. Yangu akaitia sukari, yake akaiacha. Akaonja, akakunja uso.

"Hii ni maji ya kuosha sufuria," akasema. "Lakini nitakunywa. Nataka nikuone ukizeeka."

Akamaliza kikombe chote.