Kifungu Tulichokisomea Fatiha

Chama chetu cha wafanyakazi wa ustawi wa jamii hakina ofisi. Kwa miaka mingi tumekuwa tukikutana Jumamosi asubuhi katika chumba cha chini cha jengo moja la Michenzani, chumba ambacho siku nyengine ni skuli ya watoto wadogo. Tulikaa kwenye viti vya watoto, magoti yamepanda karibu na kidevu, na humo ndimo tulimoujadili mswada wa sheria ya kazi yetu, kifungu kwa kifungu.

Mimi nilikuwa katibu. Niliingia serikalini kama karani wa masjala katika ofisi ya wilaya. Baadaye, kwa uchache wa watu, nikawa napelekwa majumbani: mtoto aliyetelekezwa, mke aliyekatiwa matumizi, mzee aliyefungiwa ndani na wanawe. Sikupata kuisomea kazi hiyo chuoni. Nilinunua vitabu vilivyokwishatumiwa na wanafunzi, nikavisoma na kamusi pembeni, na palipokuwa pagumu nikamuuliza dada mmoja tuliyegawana meza. Ndiye aliyekuja kuwa mwenyekiti wetu. Alipokwenda bara kusomea shahada, mafaili yake niliyashika mimi mpaka aliporudi, na aliporudi aliniletea sanduku zima la vitabu. Naeleza haya ili ifahamike kwa nini sikuwa na sababu ya kumchunga.

Mswada ulisema kwamba asiyesajiliwa hataandika ripoti ya mtoto kwa ajili ya mahakama, na asiyekuwa na cheti cha chuo hatasajiliwa. Sikuupinga. Nimewaona watu wenye nia njema wakizivunja familia kwa kutojua. Tulichokitaka, mimi na wenzangu wasiopitia chuo, ni kifungu kimoja cha mpito: aliyekuwa kazini kabla ya sheria afanyiwe mtihani, na kesi zake zikaguliwe. Akifaulu asajiliwe, akishindwa atoke. Bila ya kifungu hicho, siku ambayo sheria ingeanza kutumika mimi ningerudi masjala.

Palikuwa na ubishi. Kijana mmoja mwenye shahada alisema mtihani wa namna hiyo utaishusha taaluma kabla haijasimama. Alijibiwa na mama mmoja wa Nungwi, mkubwa wetu kwa umri, ambaye naye hakuwa na cheti.

"Mwanangu, mimi naanza kuingia kwenye nyumba za watu, wewe hujaota meno. Nipe huo mtihani. Nikianguka ntakwenda kaanga bajia, na mteja wangu wa mwanzo utakuwa wewe."

"Kwa mkopo, mama?"

"Kwa mkopo nyie mnakopesheka?"

Watu wakacheka, na kijana mwenyewe akacheka. Mwenyekiti akatumia nafasi hiyo. "Tusipigiane kura hapa kama watu wa vyama," alisema. "Sisi ndugu. Kifungu kinaingia katika mapendekezo yetu. Tukisomee fatiha."

Kwetu hivyo ndivyo jambo linavyofungwa. Posa hufungwa kwa fatiha, na nyumba ikiuzwa pia. Katika kazi yangu nimewaona ndugu waliogombana kwa miaka wakapatana mbele ya sheha wa mtaa kwa fatiha tu, bila ya karatasi, na ikawa ndiyo mwisho. Mtu akishainua mikono, kumtaka saini baada ya hapo ni kumtukana. Tuliinua mikono, tukasoma, tukajipangusa nyuso. Hakuna aliyetaka kura, na mimi nisingeitaka.

Siku moja kabla ya kuitwa mbele ya kamati ya wajumbe waliokuwa wakiupitia mswada, mimi na mwenyekiti tulikula urojo kwenye benchi karibu na jengo lile lile. Ilikuwa imepangwa kwamba yeye atawasilisha mapendekezo yote, na akifika kwenye kifungu cha mpito atanipa mimi nafasi nikieleze. Nilikuwa nimeandaa maelezo mafupi, nikamsomea. Alisikiliza bakuli mkononi. Nilipofika mahali nilipoandika "tunaomba", alinikatiza.

"Usiseme tunaomba, kaka. Sema tunapendekeza. Hawa ukiwaomba wanakuona mnyonge."

Nikasahihisha kwa kalamu palepale, nikamshukuru.

Kesho yake tulikaa mbele ya kamati, yeye katikati, mimi kuliani kwake. Alizungumza vizuri. Alipitia kifungu baada ya kifungu, na mimi nilikuwa nikifuata kwenye nakala yangu kwa kidole. Alipomaliza kifungu kilichotangulia changu nilishika karatasi yangu. Akaendelea na kinachofuata. Nilidhani ameruka kwa bahati mbaya, nikamgusa kiwiko. Hakunigeukia.

Mjumbe mmoja, mzee aliyevaa miwani mizito, ndiye aliyeuliza. "Na hawa wakongwe wasio na vyeti? Chama kinasemaje?"

"Chama hakina pendekezo juu yao, Mheshimiwa," alisema mwenyekiti. "Taaluma ni taaluma."

Niliinua mkono. Karani wa kamati akanijia, akaniinamia sikioni kwa adabu. "Samahani, mzee wangu. Chama kikishasema, kimesema." Nikaushusha.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, nilimuuliza tangu lini.

"Tangu wiki iliyopita. Watu wa wizara waliniita wakanambia nchague, mswada wote au kifungu kile. Na miongoni mwetu wamo wasiokitaka, unawajua."

"Kwa hiyo jana ulikuwa unajua."

"Nlikuwa najua."

"Na ukanisahihisha."

Alikunja mtandio wake begani, akaukunjua tena. "Ningekwambia usingekuja. Na nlikuhitaji kwa vifungu vyengine. Vile vya ulinzi wa watoto hakuna anayevijua kama wewe."

"Tulisoma fatiha, dada."

"Fatiha tuliomba kheri, kaka. Kheri ndiyo hii. Sheria tunaipata."

Ningeweza kumjibu mtu anayekana. Yeye hakukana chochote.

Sheria ilipita. Mwenyekiti aliteuliwa kuingia katika baraza la usajili, na anastahili. Mimi nimerudi masjala, kwenye chumba nilichoanzia, isipokuwa sasa kuna feni. Ripoti za watoto huletwa kwangu zigongwe muhuri wa kupokelewa. Juzi ilikuja moja ya nyumba ya Nungwi ambayo nimeingia mara nyingi. Niliisoma yote, ingawa kazi yangu ni muhuri tu. Ni ripoti nzuri, sina la kuitoa kasoro. Niligonga muhuri, nikaipeleka.

Chama kiliniita tena Michenzani, safari hii kunipa nishani ya mwanachama wa heshima. Nilikwenda, na faili la ukatibu nililokuwa bado nalo, kwa sababu mama wa Nungwi alinipigia simu akasema yeye anakwenda, na kwamba tusiwape watu la kusema. Tulikaa kwenye viti vile vile. Mwenyekiti alinisifu kwa maneno mazuri, na nadhani aliyasema kwa dhati. Nikapokea nishani, nikarudi kukaa. Kisha akasema, "Tufunge kwa fatiha."

Chumba kizima kiliinua mikono. Mama wa Nungwi aliinua yake, akaona mimi sikuinua, akaninong'oneza bila ya kugeuka: "Msomee Mungu, usimsomee yeye."

Nilimsikia. Mikono yangu niliiacha juu ya magoti, na nilijua kwamba mwenyekiti, akiwa mbele yetu na viganja vyake wazi, ameiona. Walipomaliza na kujipangusa nyuso, nililiweka faili la ukatibu kwenye kiti cha mtoto nilichokuwa nimekalia, nikatoka.