Kisumaku Chini ya Sahani

Mgeni alishuka kwenye basi la pili siku hiyo, akakatiza mtaa asioujua huku begi likimvuta bega. Aliuliza njia mara tatu, na mara zote akajibiwa yale yale: "Fundi mizani? Nyoosha tu, utamsikia kabla hujamwona."

Kweli alimsikia. Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu, mizani zimejaa rafuni, kuanzia za kupimia dhahabu hadi za magunia. Katikati alisimama mwanamke wa miaka hamsini na kitu, miwani kaipandisha kichwani. Mtaa mzima ulimwita Bi Gramu, kwa kuwa hakuwahi kumsamehe mtu hata gramu moja. Mbele yake alikuwapo mwalimu wa shule ya jirani, jalada kalibana kwapani.

"Karibu, kaa kwenye hicho kigoda," alimwambia mgeni, akapokea kimizani chake cha kupimia begi. "Nacho kinadanganya? Subiri. Kuna uongo mwingine umekutangulia kwenye foleni."

Kwa miaka kumi na mmoja Bi Gramu alikuwa akipokea wanafunzi waje kuonja kazi, wiki mbili kila mmoja. Wenye ofisi huwapa ufagio na birika la chai. Yeye huwapa bisibisi. Mwanafunzi anafungua mizani nzima, anaisafisha, anairudishia, na mtu mzima haruhusiwi kutia mkono. Alipokuwa na umri wao, yeye mwenyewe alikaa wiki mbili kwa fundi mmoja akimmulikia tochi. Alitoka huko akijua kushika tochi.

Safari hii aliletewa binti mkimya wa kidato cha tatu, na wiki iliyopita alimpa mizani ya mwenye bucha, ile ya sahani mbili.

"Fundi, mimi sina ugomvi na wewe," mwalimu alisema. "Mwenye bucha kaja shuleni, anasema mtoto kamharibia mizani. Mkuu anataka usaini hapa kwamba wanafunzi watatazama tu. La sivyo tunakutoa kwenye orodha."

"Imeharibika vipi?"

"Anasema kilo moja siku hizi inamlia nyama nyingi kuliko zamani."

Bi Gramu akamgeukia binti, aliyekuwa kwenye meza ya kazi. "Ulifanya nini? Sema taratibu, hapa haliwi mtu."

"Niliisafisha tu, Mama. Chini ya sahani ya nyama kulikuwa na kitu kimeng'ang'ania. Nikajua ni uchafu, nikakibandua."

Akakileta kutoka kwenye kopo la skrubu: kisumaku cheusi, bapa kama kifungo cha koti. Bi Gramu akakiweka kwenye mizani ya dhahabu.

"Gramu arobaini na mbili," alisoma. "Kila kilo ya nyama ilikuwa ikipungua hivi." Akainua macho. "Na nyama ya bweni mnanunua wapi, mwalimu?"

Mwalimu aliangalia viatu vyake. "Kwake," alisema. "Lakini mkuu haulizi sumaku, anauliza saini. Ukikataa, muhula ujao hatuleti mtu."

Hapo palimchoma Bi Gramu. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kutetemeka kwenye skrubu ndogo, na mji mzima haukuwa na fundi mwingine wa mizani. Watoto hao wakikatika, kazi itakufa naye.

Alichukua fomu, akakata mstari wa kutazama tu, akaandika kwa herufi kubwa: AMETENGENEZA MIZANI. Akasaini chini ya hayo.

"Hii hataipokea, Fundi."

"Basi anitoe. Nitabandika tangazo mlangoni mwangu: njooni wakati wa likizo, bila fomu. Wazazi wanajua kusoma."

Akashusha kisanduku cha mawe ya kupimia, akamkabidhi binti. "Beba. Tunaikagua mizani ya bucha mbele ya wateja wake, saa hizi wamejaa."

"Akinifokea je?"

"Atafoka sana. Wewe weka jiwe la kilo kila upande, kisha sogea kando watu waone. Maneno niachie mimi, ninayo ya akiba."

Mlangoni alimgeukia mgeni. "Tulindie hapa. Atakayeniulizia mwambie nipo buchani, na usimruhusu kugusa kitu."

Wakatoka, binti mbele, kisanduku kikimgonga magoti. Mwalimu alisita kidogo kizingitini, kisha akawafuata hatua kumi nyuma, fomu ikiwa bado mkononi. Mgeni alibaki kwenye kigoda, akiwaangalia hadi walipokata kona.