Wabeba machela wa Kwemzindu na bajaji waliyoirudisha

Ukungu wa saa kumi na mbili asubuhi bado umeifunika migomba ya Kwemzindu, kitongoji kilichojibanza kwenye mteremko chini ya Mtae, wilayani Lushoto. Mbaraka Shechambo ndiyo kwanza ameipita nyumba ya mwisho na kuanza kupanda, gunia la kabichi mgongoni, pale binti wa Bi Esteria anapomfikia kutoka nyuma akihema. Mama ameteleza akitoka jikoni, anasema, na mguu umevunjika juu ya goti.

Mbaraka haulizi mengi. Analitua gunia pembeni ya njia, analiegemeza kwenye jiwe, anachomoa filimbi iliyoning'inia kifuani na kuipuliza mara tatu. Kisha anasimama kimya, kichwa amekiinamisha upande, akisikiliza.

Kimya hicho ndicho anachokiogopa kuliko mzigo wowote. Mwaka juzi aliipuliza filimbi hiyohiyo, kwenye mteremko huuhuu, na aliyekuja alikuwa mtu mmoja tu.

Mbaraka ana miaka arobaini na saba, mke mmoja na watoto wanne. Kazi yake ni kubeba mboga kutoka mashambani hadi barabarani, yanakopakia magari ya Fuso. Gunia moja la kabichi, tena lile la lumbesa lililojazwa mpaka likaota kichwa, humpatia shilingi elfu tatu. Msimu ukikubali hupanda mara tatu kwa siku. Siku ya mgonjwa hapati kitu, na hakuna anayemfidia.

Kwemzindu hakuna barabara. Kutoka nyumba ya mwisho mpaka gari linapofika ni mwendo wa saa mbili, kwa mtu mzima asiye na mzigo na asiyependa kupumzika. Tangu enzi za babu zao, mgonjwa asiyeweza kutembea hulazwa juu ya kitanda kilichofungwa miti miwili, akapandishwa mlima mabegani mwa watu.

Na tangu enzi hizo kuna desturi ambayo mgeni huiona akaistaajabia. Ukikutana na machela njiani, unatua ulichobeba na kutia bega mpaka kituo kinachofuata, pale wabebaji wanapopumzika. Huulizi mgonjwa ni nani wala anasali wapi.

"Hata kama mmegombania mpaka wa shamba jana yake," anasema Tobia, mkulima wa viazi na mzee wa usharika, ambaye yeye na Mbaraka wamebeba pamoja tangu ujana wao. "Ugomvi unausubirisha. Ukirudi utaukuta palepale."

Kutokana na desturi hiyo kilizaliwa Kikundi cha Machela Kwemzindu, chenye wanachama kumi na wanne, Waislamu na Wakristo. Na kwa sababu ya kikundi hicho Mbaraka, mtu aliyezoea kusema na makabichi, alijikuta siku moja amesimama mbele ya ukumbi uliojaa watu.

Ukumbi huo ulikuwa Soni, na watu hao walikuwa wachangiaji wa Mfuko wa Jamii wa Milimani. Mfuko huu haujengi wala hautibu. Unachofanya ni kukusanya kidogokidogo kutoka kwa wafanyabiashara wa sokoni, walimu wastaafu, misikiti na sharika za milimani, pamoja na wenyeji waliohamia Tanga na Dar es Salaam lakini bado wanaulizia bei ya karoti kwao. Zikishafika za kutosha, kamati hutoa ruzuku kwa vikundi na vyama vidogo: wanaolea watoto wenye ulemavu, wanaopanda miti kwenye vyanzo vya maji, na wengine wa namna hiyo.

Masharti ni mawili. Kikundi lazima kilete sehemu yake kwanza, iwe mawe, mchanga au nguvu. Na kila mwaka lazima kisimame mbele ya waliochanga kieleze kilichofanyika.

Sharti la pili ndilo lililomkosesha Mbaraka usingizi.

Miaka mitatu iliyopita kikundi kilikaa kupanga kiombe nini. Wanachama walitaja walivyokuwa wakivikosa: machela imara yenye mikanda, makoti ya mvua, mabuti, na saruji ya kutengeneza ngazi mahali udongo unapoteleza. Mbaraka ndiye aliyesimama akapinga. Alikuwa ametoka Soni, ameambiwa na watu wa kijiwe cha kahawa kwamba watoa fedha hupenda kitu chenye injini.

"Niliona haya kwenda mjini kuomba makoti ya mvua," anasema. "Nikaona tutaonekana washamba. Nikawaambia tuombe bajaji ya wagonjwa."

Bajaji ikaja kweli, nyeupe, na msalaba mwekundu ubavuni. Zilipigwa picha, pilau ikaliwa. Thamani yake ilikuwa shilingi milioni tisa, na hakuna aliyekumbuka kuuliza swali la mtoto mdogo, kwamba chombo cha magurudumu kitashukaje ngazi za udongo. Kililazwa juu, barabara inapoishia. Wakati wa kiangazi kiliwapeleka wagonjwa wachache zahanati. Masika yalipoanza kiligoma kwenye utelezi, na mara mbili mgonjwa alishushwa ili asaidie kusukuma.

Tobia hulieleza jambo hilo kwa methali moja tu: fimbo ya mbali haiui nyoka.

Lakini bajaji kukwama halikuwa baya kuliko yote. Baya zaidi ni kwamba watu waliacha kuitikia. Filimbi ikilia, kila mtu alijigeuza kitandani akijisemea kwamba sasa bajaji ipo, wenye kazi wataifanya. Desturi iliyodumu vizazi ikaanza kulegea ndani ya mwaka mmoja, na hakuna aliyeiona ikilegea.

Ndipo Salma, jirani wa Mbaraka, aliposhikwa na uchungu mvua ikinyesha. Mbaraka alipuliza filimbi mpaka mdomo ukafa ganzi. Alikuja Tobia, na alikuwepo Amiri, mume wa Salma. Watu watatu kwa kitanda cha watu wanne, njia ikiwa uji mtupu.

"Niliisikia ile filimbi nikiwa nimelala ndani," anasimulia Salma, mwanawe wa kiume akimvuta khanga. "Nikawa natega sikio nisikie milango. Mlango una mlio wake, unaujua wa kila jirani. Sikusikia hata mmoja."

Mtoto alizaliwa kwenye kituo cha pili, chini ya turubai la kufunikia viazi. Alilia, na hiyo ilikuwa rehema. Mama yake alipoteza damu nyingi, akalazwa wiki tatu. Majirani walikuja kumwona wakiwa na ndizi na mayai, na kila mmoja aliapa alidhani bajaji ingeshughulika.

Mbaraka hakumlaumu yeyote kati yao. Alijua nani alisema neno bajaji kwa mara ya kwanza.

Mkutano wa wachangiaji ulipokaribia, wenzake walimpa ushauri wa busara ya mjini: aseme kikundi kimepata changamoto za miundombinu, ashukuru, akae. Maneno hayo yameokoa watu wengi katika kumbi nyingi. Walijua pia kilichokuwa kikisubiri wakisema vingine. Kikundi kilichopoteza fedha za Mfuko huenda kisisaidiwe tena, na Kwemzindu ingebaki na kitanda chake cha kamba na filimbi isiyoitikiwa.

Mbaraka alikwenda Soni akiwa ameyakariri maneno yale. Aliposimama akaona nyuso, yakamponyoka yote kichwani. Safu ya mbele alikuwa Husna, muuza nyanya na hoho ambaye Mbaraka humbebea mzigo kila msimu. Nyuma yake mwalimu aliyemfundisha kusoma. Hawakuwa wafadhili wa kwenye bango. Walikuwa watu anaowaamkia kila wiki.

"Hela ya mtu wa mbali ikipotea, unamwandikia," anasema sasa. "Hela ya jirani ikipotea, unakutana naye sokoni. Nikapiga moyo konde, nikasema yote. Nikasema bajaji ni wazo langu, na kwamba Salma alikaribia kufa kwa sababu yangu."

Husna ndiye aliyesimama, na hakuja na maneno matamu. Alisema fedha yake katika bajaji ile ilikuwa ya nyanya alizokesha nazo sokoni kwenye baridi, na kwamba ameumia. Kisha akauliza swali ambalo Mbaraka bado analikumbuka neno kwa neno.

"Sasa kaka Mbaraka, tangu mwanzo mlikuwa mnahitaji nini?"

Mbaraka akajibu: machela, mikanda, mabuti, makoti ya mvua. Watu wachache walicheka. Husna hakucheka, akakaa.

Raheli Mdoe, mratibu wa Mfuko, anasema siku ile hata wao hawakutoka wasafi. Walipokwenda kukagua ombi la kwanza, walifika mwisho wa barabara, wakaangalia bonde kwa juu, wakageuza gari.

"Hatukushuka Kwemzindu," anasema bila kuzunguka. "Na sisi tuliipenda ile bajaji. Ilipendeza kwenye picha."

Bajaji iliteremshwa Mombo, kwenye tambarare, ikakabidhiwa kikundi kinachohudumia wazee. Huko inafanya kazi kila siku. Kwemzindu haikupewa kitu siku ile. Iliambiwa itoe kwanza sehemu yake: itengeneze ngazi kwa mikono yake, kutoka kituo cha kwanza hadi cha tatu, ndipo ombi lao litazamwe.

Kilichofuata kilikuwa msimu mzima wa msaragambo, kazi ya pamoja isiyo na malipo. Siku za mwanzo walikuja wanachama wenyewe, tena kwa kuvutana. Salma alipojitokeza na mtoto mgongoni, akabeba jiwe bila kumsemesha mtu, aibu ikafanya kazi ambayo hotuba haikuiweza. Majirani wakaanza kutoka. Raheli naye alishuka bondeni safari hii, akabeba mawe siku nzima na kesho yake hakuweza kuinua mkono.

Ruzuku ya pili ilikuwa shilingi milioni mbili na laki moja, chini ya robo ya ile ya kwanza. Ilinunua machela mbili zenye mikanda, mabuti, makoti ya mvua na saruji ya ngazi zilizobaki. Hakukuwa na pilau.

Leo, ndani ya ukungu, Mbaraka bado anasikiliza. Mlango wa kwanza unagonga ukuta. Ni Tobia, amevaa koti la mvua juu ya fulana ya kulalia. Anafuata Amiri, tayari amebeba machela begani. Kisha mlango mwingine, na mwingine upande wa pili wa kijito, na sauti za watu wanaoulizana njiani ni nyumba gani. Mbaraka anajaribu kuwahesabu, anaacha, anajifuta macho kwa kiganja na kudai ni jasho.

Nyumbani kwa Bi Esteria anainama mlangoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Msiniangushe, nina mbuzi sijamuuza."

Anafungwa mikanda, na Tobia anatoa amri kama kawaida yake, akiwaita wanaume wenzake kwa Kisambaa. "Haya wagosi, tuinue."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga, na aliyeitazama machela ikipita anaweza kudhani ni nyepesi. Mbaraka, aliye mbele kushoto, amekunja uso tangu hatua ya kwanza. Bega lake lina nundu ngumu na baridi ikizidi mkono hauinuki. Kwenye kituo cha tatu wanakutana na vijana wawili wa kitongoji jirani wanaoshuka na mbolea. Wanatua mifuko, wanaingia chini ya miti ya machela bila kuambiwa. Mmoja anachukua nafasi ya Mbaraka.

Barabarani gari la kukodi linasubiri. Bi Esteria akishapakiwa anataka kuwashukuru wale vijana wawili, lakini wamekwisha kugeuza. Anauliza ni watoto wa nani. Hakuna anayejua.

Gari linaondoka na Mbaraka anakaa kwenye jiwe kupumzisha bega. Anasema anatamani Kwemzindu ipate zahanati yake, machela ining'inie ukutani mpaka buibui waijengee. Lakini hilo ni la serikali na la muda mrefu. La kwake ni la mwaka huu. Kikundi kimekubaliana kwamba kwenye mkutano ujao hakitaomba. Kila mwanachama atapeleka Mfuko malipo ya mzigo mmoja, ili vikundi vingine navyo vipate.

"Na mimi nitakaa upande wa wanaochanga," anasema. "Akisimama mtu kutuambia anataka bajaji, nitamuuliza kwao kuna njia ya namna gani."

Ananyanyuka kurudi bondeni kuchukua gunia lake. Yusufu, dalali wa mboga, anamwita kutoka kando ya Fuso na kumuuliza anakwenda wapi. Gunia lake limekwisha kupakiwa. Kuna mtu alilikuta njiani akalipandisha, akalitua na kushuka. Jina hakusema.

Yusufu anahesabu shilingi elfu tatu na kumpa. Mbaraka anazitazama, anazikunja, anaziweka kwenye mfuko wa shati, mbali na fedha nyingine zilizo kwenye suruali.

"Hizi ndizo za Mfuko," anasema. "Sikuzibeba mimi."