Kitanda cha Msikitini

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa hata kisu. Fundi Mkuu wa vitanda hapa Kilwa Kivinje alinikalisha chini nisokote kamba za makumbi ya nazi mpaka viganja vikachubuka. "Matendegu ni miguu tu, na mifumbati ni mbao za ubavuni," aliniambia. "Kinachombeba mtu ni kamba." Nyie mnaolalia springi zinazolia mkigeuka mtaniona mshamba. Haya.

Kuwamba ni kupitisha kamba huku na huku kati ya mifumbati na kuikaza. Vitanda vyote tulivikaza barabara, isipokuwa kimoja: kitanda cha kuoshea maiti, kilichokaa chumba cha nyuma cha msikiti. Hicho huachwa wazi katikati, kisha huwekwa juu ya ufuo, yaani shimo la kupokea maji, ili maji yapite yasituame. Fundi Mkuu, mwalimu wangu, alikiwamba kwa mkono wake, ujira hakutaka. "Na mimi nitaoshwa hapo," alisema.

Vita vya Maji Maji vilipopamba moto, boma la Wadachi likakusanya vitanda vya majeruhi wao. Askari mmoja mgeni akakiona kile cha msikitini, akauliza ni cha nani. Akaambiwa ni cha watu wote. Yeye akaelewa kwamba hakina mwenyewe. Bwana Mkubwa wa boma akaupenda upana wake, kikaishia barazani kwake.

Nikaitwa mimi.

"Kimelegea katikati. Kaza, halafu nitilie godoro la pamba."

Pamba yenyewe ile ambayo watu wa Umatumbi walichapwa ili wailime, na wao wakalala mkekani.

"Bwana, hiki ni cha maiti."

Akacheka. "Maiti hana haraka. Atangoja."

Nikasema haifai. Akamtazama askari wake, akatamka hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano. Basi nikakaza. Hasira ile ninayo mpaka leo, na nusu yake ni juu yangu mwenyewe.

Mwezi uleule mwalimu wangu akafariki. Mtu aliyewalaza watu wa Kivinje nzima, tulimwosha juu ya mlango uliong'olewa. Maji yalituama mgongoni mwake, tukawa tunayachota kwa kata. Mnaosema Wadachi walituletea ustaarabu, njooni mniambie usoni.

Bwana Mkubwa aliporudi kwao, kitanda kilitupwa uani mwa boma. Nilikibeba kichwani, nikalichana lile godoro, nikaifungua kamba niliyoikaza kwa woga, nikawamba upya, wazi katikati, kama nilivyofundishwa. Baada ya hapo nimewamba vitanda vya maharusi na vya wazazi, hata cha kadhi. Sasa macho yamekwisha na kazi nimeiacha.

Juzi imamu alikuja kunijulia hali. Akasema kile cha msikitini kimechakaa, wanataka kuleta cha bati.

"Subirini kidogo," nilimwambia. "Mimi bado sijaoshwa."